Kisu cha kukunja: utengeneze cha zamani au ununue kingine? Angalia pini kwanza

Msimu uliopita nilibebesha miche 200 ya michungwa hapa kitaluni kwangu Muheza, yaani nilipachika jicho (chipukizi) la mchungwa kwenye mche wa limau, na iliyoshika haikufika 120. Kawaida katika 200 hunipotea kama 20. Miche ya limau ya kubebeshea ilikuwa na afya, macho niliyakata asubuhi yakiwa mabichi, nailoni nilifunga kwa mkono wangu. Kilichoniangusha ni kisu.

Ukibandua jicho la mchungwa, bapa linatakiwa lipite chini ya ganda kwa mkono mmoja, bila kusita. Likiyumba hata unene wa karatasi, mkato unakuwa na mawimbi. Ukiliweka jicho hilo kwenye mche, chini yake unabaki upenyo, hewa inapita, na wiki tatu baadaye unafungua nailoni unakuta jicho jeusi.

Kisu chenyewe nilikinunua kwenye meza ya mchuuzi Tanga mjini kwa shilingi 15,000. Kilikuwa kizito, kinang'aa, kinafunguka kwa mlio mzuri. Baada ya miezi minne bapa likaanza kucheza na makali yakawa butu, nikaona huruma kukitupa. Fundi wa kwanza alikinoa kwa mashine, 2,000. Kilirudi na doa la bluu karibu na ncha, rangi ile ya mafuta yaliyomwagika majini. Chuma cha kawaida hugeuka bluu kikifika karibu nyuzi 300, na kikishafika hapo ugumu wake umepungua. Tangu siku ile sehemu ile haikukaa na makali hata nusu siku. Tena ncha ilikuwa imevunjika kidogo, na fundi akaisaga kutoka upande wa makali kuelekea mgongoni, kwa hiyo nilipokikunja, ncha mpya ikachomoza nje ya mpini. Nilikuja kuigundua kwa kidole, mkono ukiwa mfukoni mwa aproni. Ncha iliyovunjika husagwa kutoka mgongoni kushuka kwenye makali, ili ukikikunja kisu ijifiche ndani. Mwambie fundi hivyo kabla hajawasha mashine.

Nikakipeleka kukazwa pini mara mbili, 3,000 kila mara, na nauli ya kwenda mjini na kurudi 5,000 kila safari. Jumla ya matengenezo ni 18,000 kwa kisu cha 15,000. Miche iliyokufa zaidi ya kawaida ni 60 na ushei, na mimi mche nauza 2,500. Piga hesabu uone hicho kisu cha rahisi kilinigharimu nini.

Kwa hiyo hapa sitakuambia habari za ukali. Kisu chochote kipya kinakata, na kisichokata utakinoa kwenye kinoo. Urefu na rangi ya mpini chagua mwenyewe. Ninachotaka uangalie ni pini, ule msumari mdogo unaoshikilia bapa kwenye mpini, ambao sijawahi kuona mnunuzi akiutazama. Kisu cha kukunja huanza kufa pale.

Fungua kisu, kishike mpini kwa mkono mmoja, na kwa vidole vya mkono wa pili shika bapa karibu na ncha, upande wa mgongo. Lisukume kulia na kushoto. Halafu lisukume juu na chini. Likicheza kulia na kushoto, pini imelegea tu, na hiyo inatengenezeka. Likicheza juu na chini, ama tundu la bapa limeshakuwa yai, ama springi au kifungio kimelika. Hapo usimpe fundi hata mia. Atagonga pini, kisu kitakaza siku mbili, kisha kitarudi palepale, maana tundu lililopanuka halirudishwi kwa nyundo.

Mchezo wa kulia na kushoto unautoa mwenyewe nyumbani. Kata kipande chembamba cha kopo la soda, ukipasue katikati kikae kama panda, ukiingize kati ya bapa na ubavu wa mpini, pini ikiwa katikati ya panda. Laza kichwa kimoja cha pini juu ya chuma kigumu, gonga kichwa cha pili kwa nyundo ndogo, taratibu, na kila baada ya kugonga mara mbili au tatu ujaribu bapa. Ukimaliza, vuta kile kipande. Unene wake ndio nafasi ya bapa kupumua. Bila hicho utakaza mpaka kisu kisifunguke. Tia tone la mafuta ya cherehani. Kazi ya dakika kumi, na haina gharama ila hayo mafuta.

Lakini ili ugonge pini, lazima uifikie. Na hapo ndipo visu vinapotofautiana.

Cha kwanza: Victorinox Pioneer. Mimi ni mtu wa Victorinox na sifichi. Kampuni hiyo ilianzishwa na Karl Elsener mwaka 1884 huko Ibach, Uswisi, na mwaka 1891 ikaanza kuwapa visu wanajeshi wa nchi hiyo. Pioneer ni ndugu wa kisu cha askari cha mwaka 1961: milimita 93, ubavu wa alumini wenye vipele vinavyoshika hata mkono ukiwa na utomvu. Wengi wanakipita kwa sababu si kile chekundu wanachokijua. Mimi nimekichukua kwa sababu pini yake unaiona nje, pande zote mbili, hakuna plastiki iliyoifunika. Changu nililipa 120,000, na roho iliniuma. Nimekigonga pini mara moja tu. Bapa lake halishiki kutu kwa maji ya chungwa, na linanoleka kwa kinoo cha kawaida bila kupigana nalo.

Cha pili: Opinel namba 8. Kinatoka Savoie, Ufaransa, tangu 1890. Pete yake ya kufungia bapa ilibuniwa mwaka 1955. Ni chepesi, bapa jembamba linaingia chini ya ganda vizuri kuliko hata la Pioneer. Chukua kile kisichoshika kutu, kwa sababu cha chuma cha kaboni kikikutana na ndimu kinageuka cheusi mchana uleule. Shida yake ni mpini wa mti. Masika ya huku mti unavimba, bapa linakwama ndani, na unahitaji kugonga kitako cha mpini mezani ili litoke. Na pini ukiitaka, uing'oe pete kwanza. Si kazi ngumu, ila usimpe fundi asiyewahi kukiona.

Cha tatu: Victorinox chekundu cha milimita 91. Ndicho kinachojulikana. Chuma ni kizuri, lakini pini imejificha chini ya plastiki, kwa hiyo lazima ubandue ubavu kwanza, na ukiubandua vibaya unapasuka. Ubavu mpya unauzwa peke yake, tatizo ni kuupata huku kwetu. Kina dhamana ya maisha kwa kasoro za kiwandani, ila kuchakaa kwa matumizi hakumo, na kulegea kwa pini baada ya miaka kumi ni kuchakaa.

Cha nne: Okapi. Vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, na tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini. Wazee wengi wamekatia tumbaku kwa hiki. Fundi yeyote wa vyuma anaweza kukibadilishia pini. Kwa kubebesha hakifai, kinacheza tangu kipya.

Visu vya kwenye meza za wachuuzi visivyo na jina: kukatia kamba za magunia, basi. Usikitengeneze, kikilegea nunua kingine.

Sasa nina neno na wauzaji. Unafika dukani, kisu kimefungwa kwenye plastiki ngumu, unaomba ukifungue ushike bapa, unaambiwa lipa kwanza. Ukilipa, ukifungua, ukikuta kinacheza, unaambiwa mali ikifunguliwa hairudishwi. Duka moja nilikuta kisu chekundu chenye msalaba uliochorwa kwa rangi, wakati kwenye chekundu halisi kinachong'aa ngao yake ni kipande cha chuma kilichopachikwa. Kitako cha bapa hakikuwa na maandishi ya VICTORINOX. Bei ilikuwa ya halisi. Nilipouliza, nikaulizwa mimi mama wa miche nayajulia wapi mambo ya visu.

Nayajua kwa sababu ndicho ninachoshika kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Muuzaji akikukatalia kushika bapa, acha hela mfukoni uende duka la jirani. Na kama tayari unacho kisu nyumbani, kifungue leo, lisukume bapa juu na chini kabla hujampelekea fundi yeyote.