Probu ya ultrasaundi ya mkononi kwa misuli ya mgongo: inapima nini, inadanganya wapi

Muuzaji atakwambia probu hii ya kuchomeka kwenye simu, kifaa cha mkononi kinachopiga picha za ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, inaona moyo, mimba na mapafu. Sisi tunaitathmini kwa kazi moja ambayo kwa kawaida haimo kwenye tangazo: kupima misuli ya ndani ya kiuno kabla na baada ya mazoezi, katika vyumba vya fiziotherapia vya Unguja na Pemba. Kwa kazi hiyo tunaipa alama 4 kwa 5, ikiwa mtu mmoja anapimwa na mkono uleule kwa mipangilio ileile. Kwa kumtafutia mgonjwa chanzo cha maumivu ya mgongo, 1, na hiyo moja ni ya ukarimu.

Msuli unaopimwa ni maltifidasi. Umelala pande zote mbili za miba ya pingili, ukigusana na mfupa, na kazi yake ni kushikilia pingili moja juu ya nyengine mtu anapoinama na kuinuka. Mkulima wa mwani wa Paje anautumia saa zote maji yakiwa yamekupwa. Mchukuzi wa bandarini Malindi anautumia kila gunia. Mwaka 1994 Julie Hides na wenzake, Australia, walitumia ultrasaundi kwa watu walioshikwa ghafla na maumivu ya kiuno upande mmoja, wakakuta msuli wa upande unaouma umepungua: tofauti kati ya kushoto na kulia ilikuwa wastani wa 31%, na katika pingili moja tu. Kwa watu wazima wa afya tofauti hiyo ilikuwa 3%. Mwaka 1996 wakaonyesha jambo zito zaidi, kwamba maumivu yanaweza kuondoka na msuli usirudi wenyewe bila mazoezi mahsusi. Kwa hiyo mgonjwa akisema "sasa sijambo", hilo halitoshi kufunga faili lake, na hapo ndipo probu inapoanza kulipa gharama yake.

Chukua yenye uso wa mbinuko, masafa ya megahezi 3.5 hadi 5. Probu ya uso bapa, ile ya megahezi 7 hadi 12 inayopendwa kwa mishipa na mabega, ni nzuri kwa mtu mwembamba. Kwa mwenye mwili, picha inakufa kabla ya kufika kwenye mfupa. Kwenye programu usichague "misuli na viungo" kwa sababu jina linavutia. Mara nyingi mpangilio huo umetengenezwa kwa vitu vya juujuu. Chagua "tumbo", weka kina cha sentimita 6 hadi 8, kisha zima kila kinachojirekebisha chenyewe, hasa mwangaza.

Mgonjwa alale kifudifudi, mikono ubavuni, kichwa katikati. Weka mto chini ya tumbo mpaka kiuno kinyooke. Mto wa sufi ulionepa haufai, kwa sababu wiki hii utainua kiuno kiasi hiki na mwezi ujao kiasi chengine, na unene wa msuli utabadilika pasipo zoezi lolote. Kunja blanketi gumu, lipime unene, uandike. Pakua jeli ya kutosha. Anzia kwenye sakramu, ule mfupa mpana chini ya kiuno, na uhesabu pingili ukipanda. Ukianza kuhesabu kutoka juu utakosea pingili na hutajua. Laza probu sambamba na uti, isogeze kama sentimita 2 kutoka kwenye miba, kisha uiinamishe kidogo kuelekea ndani. Viungio vya pingili vitatokea kama vilima vinavyofuatana. Pima kutoka kilele cha kiungio cha L4 na L5, yaani pingili ya nne na ya tano za kiuno, mpaka utando mweupe ulio juu ya msuli. Wanaoanza hupima mpaka kwenye ngozi, na mafuta yanahesabiwa kuwa nguvu.

Kwa mtu mzima unene huo, akiwa ametulia, mara nyingi huwa baina ya sentimita 2.5 na 3.5. Piga picha 3, ukiinua probu kabisa kila mara, na uchukue wastani. Baada ya hapo mpe mgonjwa chupa ya maji ya nusu lita, ambayo ni kama nusu kilo, ainue mkono wa upande wa pili wa msuli unaopimwa kama sentimita 5 kutoka kitandani. Pima tena hapo, msuli ukiwa umejikaza: ukitoka milimita 28 ukafika 32.2, umeongezeka 15%. Kipimo hiki kinafuata mkazo mdogo tu. Mkazo ukizidi, unene hauendi nao tena, basi usimpe mgonjwa dumu la lita 5 ukitarajia namba kubwa.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kukandamiza. Mkono ukichoka unaiegemea probu, msuli unabanwa, na mgonjwa anaonekana amerudi nyuma. Dawa yake ni kuacha ukanda mwembamba mweusi wa jeli uonekane juu ya ngozi, ukipotea, umekandamiza. Kosa la pili ni kupima mtu ametoka kazini. Msuli uliotumika hujaa damu na kuvimba kwa muda. Kwa wakulima wa mwani weka vipimo siku za maji mafu, wakati bamvua imepita na hakuna kazi pwani, na kipimo cha pili kiangukie kipindi kilekile. Tofauti iliyo chini ya milimita 3 sisi hatuiiti ukuaji, hata mgonjwa akiitaka iwe.

Na mazoezi yenyewe? Utafiti wa Danneels na wenzake uliotoka 2001 ulifuata watu wenye maumivu sugu ya kiuno kwa wiki 10, ukipima kwa CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili vipandevipande. Mazoezi ya kutuliza kiuno peke yake hayakukuza maltifidasi. Uliokua ni wa kundi lililoongeza uzito na kusimama sekunde 5 katikati ya kuinua na kushusha. Kwa hiyo daraja la makalio, yaani kulala chali na kuinua makalio, na kuinua mkono na mguu wa kupishana ni vya kuanzia. Baadaye lazima uzito uingie na ile sekunde 5 ihesabiwe kwa sauti. Kupima tena kabla ya wiki 8 ni kupoteza jeli.

Mafuta ndani ya msuli ni habari nyengine. Probu inayaonyesha kama weupe, lakini weupe huo unapanda na kushuka kwa kidole chako kwenye kitufe cha mwangaza. Anayetaka asilimia ya mafuta atafute MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, yenye mbinu ya Dixon, inayotenganisha ishara ya maji na ya mafuta, na aamue mapema kama atahesabu yale mafuta yaliyokaa baina ya msuli na mfupa. Akibadili uamuzi katikati, vipimo vya mwanzo havilingani tena na vya mwisho.

Hali zetu za hapa zina masharti yao. Joto la Februari kwenye chumba kisicho na kiyoyozi huifanya probu ijizime kujilinda. Ipumzishe kwenye feni baina ya mgonjwa na mgonjwa, wala usiiweke kwenye friji, unyevu utaiingia. Spiriti kali hupasua uso wa baadhi ya probu na mafuta ya nazi badala ya jeli huulainisha, basi soma kijitabu kwanza. Mgonjwa mwanamke apimwe na mwanamke, nguo ifunuliwe kiunoni tu na khanga mbili zifunike juu na chini. Akiwa na wasiwasi atajikaza, na msuli uliojikaza si msuli uliotulia.

Kabla ya kulipa, zima intaneti ya simu mbele ya muuzaji ufungue programu. Baadhi hudai ada ya kila mwaka na hukataa kufanya kazi zisipowasiliana na kampuni, jambo ambalo kituo cha Micheweni hakiwezi kulivumilia. Muulize picha zinahifadhiwa wapi, na kama unaweza kuzitoa pamoja na vipimo vyake bila kuzipandisha mtandaoni. Mwisho, bana waya pale unapoingia kwenye probu uupindepinde huku picha ikiwa hewani. Ikikatika hata mara moja, mrudishie.