Maiki nne zisizo na waya: uzoefu wangu wa msimu mzima Mtwara

Kwenye harusi moja Shangani, hapa Mtwara, msimu wa korosho wa mwaka juzi, spika zetu zilimtoa mtu ambaye hakuwa ukumbini. Mwimbaji wetu alikuwa amezima maiki ili anywe maji. Mara ikapasuka sauti ya mshereheshaji wa ukumbi wa jirani, anawaita wajomba wa bwana harusi waje na zawadi. Watu wakageuka kutazama mlangoni. Mimi ndiye fundi mitambo wa bendi, na usiku ule sikujua niguse wapi.

Kilichotokea nakielewa sasa. Sisi na wale jirani tulikuwa na seti ya aina moja, zile za bei rahisi ambazo masafa yake yamefungwa tangu kiwandani. Risiva, kile chombo kinachopokea sauti ya maiki, husikiliza masafa, haimjui mwenye maiki. Maiki yako ikizimwa, inamshika yeyote anayerusha hapo hapo. Na zikiwaka zote mbili, mwenye nguvu zaidi ndiye anayesikika na mwingine anabaki kukwaruza chini yake. Nilipokuja kusoma kibandiko cha nyuma nikakuta zaidi: masafa yalikuwa ya megahezi 700 na kitu. Hayo siku hizi ni ya simu. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliuza kwa mnada vipande vya masafa hayo kwa ajili ya intaneti ya simu. Kwa hiyo hata bila jirani, maiki zile zilikuwa zinagombana na minara, na hapo hakuna fundi wa kuziponya. Ukienda dukani, geuza boksi usome kibandiko kabla hujaulizia bei. Ukiona 700 na kitu, rudisha.

Baada ya harusi ile kiongozi wa bendi alitoa hela, nikaagiza Kariakoo seti ninayoizungumzia hapa. Zinauzwa kwa majina mengi tofauti, ila mwili ni ule ule: risiva moja pana yenye antena nne, maiki nne za mkononi, kioo kidogo kinachoonyesha masafa, na unachagua mwenyewe masafa ya kila maiki kati ya megahezi 500 na 599. Ilitugharimu shilingi 780,000 pamoja na kuisafirisha kwa basi. Nimeitumia msimu mzima, kuanzia Oktoba hela za korosho zilipoanza kutoka na shughuli zikafuatana, Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, hata Masasi.

Siku ya kwanza iliniangusha. Ilikuwa Mikindani, uwanja wa wazi, hakuna bendi nyingine karibu. Maiki moja ikiwaka peke yake, safi kabisa. Mbili, safi. Ya tatu ilipowaka ikaanza kukohoa, na ya nne ikaja na mluzi mwembamba unaopanda na kushuka. Shangazi wa bibi harusi akanijia mezani.

"Mwanangu fundi, maiki zenu zinakohoa, na shughuli ni ya watu."

"Shikamoo shangazi. Nipe dakika mbili nazishughulikia."

"Marahaba. Bibi harusi yupo getini, baba. Dakika mbili zile zile."

Nikazima mbili, tukamaliza shughuli na maiki mbili na nyingine ya waya. Nikarudi nyumbani na hasira na seti ile, nikiamini nimeuziwa kopo.

Kosa lilikuwa langu, na naliandika hapa kwa sababu naona mafundi wenzangu wanalirudia. Nilipanga masafa kwa mpangilio wa kupendeza macho: 530, 532, 534, 536. Sasa, maiki mbili zikirusha karibu karibu, mawimbi yake huchanganyika ndani ya vifaa na kuzaa masafa mengine ambayo hukuyaweka wewe. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha moja mara mbili, toa nyingine. Mara mbili ya 532 ni 1064, toa 530, unapata 534. Yaani maiki ya kwanza na ya pili zilikuwa zinazaa mzimu, na mzimu unakwenda kukaa juu ya maiki ya tatu. Ya pili na ya tatu nazo zinaangukia kwenye 536, juu ya ya nne. Mianya iliyolingana ndiyo sumu yenyewe.

Nilikaa na kalamu nikatafuta mpangilio ambao mianya yake hailingani, wala ukijumlisha iliyopakana hailingani. Huu ndio ninaotumia mpaka leo: 530, 531.5, 536 na 539. Mianya ni 1.5, 4.5 na 3. Piga hesabu ile ya mara mbili toa nyingine kwa kila jozi, hakuna mzimu unaoangukia juu ya maiki. Siku niliyoujaribu niliwasha zote nne mezani kwangu, nikazitenganisha mita mbili mbili, nikasikiliza kwa hedifoni. Kimya kitupu. Nilifurahi kuliko siku seti ilipofika.

Ila mpangilio huo haubebwi kama ulivyo kutoka mji hadi mji. Tulipokwenda Lindi, safari ya zaidi ya kilomita 100, niliwasha risiva peke yake, maiki zote zimezimwa, na vijiti vya mawimbi kwenye kioo vikasimama vyenyewe kwenye masafa ya maiki mbili. Maana yake hapo pana mwenyewe tayari, kwa kawaida televisheni ya kidijitali, na chaneli moja ya televisheni inachukua upana wa megahezi 8. Nikapandisha zote nne kwa kiasi kile kile, mianya nikaiacha kama ilivyo, mpaka nikapata eneo ambalo vijiti vyote vimelala. Seti hii haina kitufe cha kutafuta masafa matupu yenyewe, na hilo ni pungufu lake kubwa. Unazunguka kwa mkono, chaneli baada ya chaneli. Fanya hivyo taa zote zikiwa zinawaka, hasa taa za LED na skrini kubwa kama mwenye shughuli amekodi, kwa sababu nazo hutoa mawimbi machafu. Nimewahi kupima saa kumi jioni pakiwa safi, saa mbili usiku taa zimewaka pamechafuka.

Kuhusu antena nne, msidanganyike. Nilidhani kila maiki inasikilizwa na antena mbili, risiva inachagua inayosikia vizuri. Risiva za namna hiyo zipo na ni ghali zaidi. Kwenye hii, kila antena ina maiki yake moja. Mwimbaji akisogea hatua moja, mawimbi yaliyogonga ukuta au bati yakakutana na yale ya moja kwa moja, sauti inakatika kufumba na kufumbua, akisogea tena inarudi. Dawa niliyoipata ni kuitoa risiva kwenye meza yangu ya nyuma ya ukumbi na kuipeleka pembeni ya jukwaa, juu ya stendi iliyozidi vichwa vya watu. Mwili wa binadamu ni maji, na maji hunywa mawimbi. Ukumbi ukishajaa wachezaji, meza ya nyuma haioni kitu. Kutoka kwenye risiva mpaka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, navuta waya wa pini tatu, mita ishirini, na sauti haipungui. Acha waya wa sauti uwe mrefu, njia ya hewani iwe fupi.

Kisha waimbaji. Wengi wanapenda kushika maiki kwenye mkia, na mkia ndiko antena iliko. Kwa maiki hizi kiganja kimoja tu kinatosha kuleta mkwaruzo. Niliongea na dada yetu anayeongoza uimbaji, nikamwonyesha vijiti vinavyoshuka kwenye kioo anapofunika mkia. Tangu siku hiyo anawasimamia wenzake yeye mwenyewe.

Kuna mvumo pia, ule mzito usiokatika, ambao watu wanausingizia hewani. Shusha kitelezi cha maiki kwenye mikisa. Ukibaki, redio haihusiki, tafuta kwenye umeme. Sisi ulikuwa unatoka kwenye kompyuta ya muziki iliyochomekwa kwenye soketi nyingine tofauti na ya mikisa, na tulipoviweka vyote kwenye njia moja ukaisha. Nawaomba sana, msikate pini ya ethi, ile ya kupeleka umeme ardhini, ili kuondoa mvumo. Mvumo unaondoka kweli, lakini siku jenereta au chombo kikiwa na hitilafu, umeme unapita kwa mpiga gitaa anayegusa nyuzi huku midomo iko kwenye maiki ya waya. Mtu anakufa jukwaani.

Betri: weka mpya kila shughuli, mbili kila maiki. Zikichoka maiki haizimiki, inaanza kukatika, na utatafuta tatizo kwingine. Na hapa kwetu chumvi ya bahari haina huruma. Baada ya miezi mitatu nilikuta kutu ya kijani kwenye vibati vya betri vya maiki mbili. Nafuta kwa raba ya penseli na spiriti kidogo kila mwezi, na betri natoa usiku ule ule.

Kwa bei yake, nimeridhika. Sauti haina ukali wa zile za zamani, maneno ya mwimbaji yanafika mpaka kwa walioketi nje. Kwa bendi inayopiga harusi na kumbi za kawaida, nunua, mradi fundi wenu awe tayari kufika masaa mawili kabla ya shughuli. Kama mnahitaji maiki moja tu kwa mwimbaji mkuu, hela hiyo hiyo inunulie seti ya maiki moja yenye antena mbili za kusaidiana. Sisi tunachangia sasa kwa ajili hiyo. Kwa leo, kila shughuli ninasimamisha maiki moja ya waya pembeni ya jukwaa, imechomekwa na kujaribiwa, na waimbaji wote wanajua ilipo.