Uzoefu wangu na Gmail katika kukabiliana na baruapepe taka

Kazi yangu ya kutafsiri hati hunilazimu kuiweka wazi anwani yangu ya baruapepe, na kwa sababu hiyo barua taka hazikomi kuja. Gmail huzuia nyingi kabla sijaziona, lakini ninachokithamini zaidi ni kwamba inaniwezesha kujua taka hizo zimeanzia wapi.

Hapo ndipo alama ya kujumlisha inapofaa. Ninapojisajili kwenye duka la mtandaoni, huandika jina la anwani yangu, nikaongeza alama hiyo na neno kama "viatu", kisha @gmail.com. Barua hunifikia kama kawaida, ila anwani hiyo ndefu hupewa duka hilo peke yake. Kwa hiyo matangazo ya mikopo kutoka kwa watu nisiowajua yalipoanza kumiminika kwa anwani ya "viatu", nilijua mara moja ni duka gani lililoisambaza, nikatengeneza kichujio kinachofuta kila kitu kinachotumwa huko. Kwa bahati mbaya, baadhi ya tovuti huikataa alama hiyo kwenye fomu zao.

Matangazo ya kampuni zinazojulikana hayanisumbui tena. Tangu 2024, Google inawataka wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watumiaji wa Gmail waweke njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja kwenye barua zao za matangazo. Barua za matapeli ni jambo jingine kabisa: kubofya kiungo cha kujiondoa kilichomo ndani yake kunaweza kumthibitishia mtumaji kwamba anwani bado inatumika, kwa hiyo hizo huziripoti tu kuwa taka. Barua ikidai kutoka benki, hufungua kwanza maelezo ya mtumaji, kwa maana jina la benki anaweza kuliandika yeyote, lakini anwani iliyo nyuma yake mara nyingi humuumbua.

Folda ya taka nayo isiachwe bila kukaguliwa, kwani barua zilizomo hufutwa zenyewe baada ya siku 30, na barua ya mteja mpya inaweza kuangukia humo. Mimi huipitia kila Ijumaa. Wateja wangu wa kudumu nimewawekea kichujio kinachozuia barua zao zisipelekwe huko kamwe, na kwa yeyote anayepokea kazi kwa baruapepe ningeshauri aanze na hilo.