Mita ya kubana waya: ubishi wa betri na altaneta umeisha

Kama una gari la zamani na kila ukilipaki siku mbili tatu haliwaki, usikimbilie kununua betri. Tafuta kwanza mita ya kubana waya inayosoma ampia za DC, yaani umeme wa betri. Mimi nilikuwa nimechoka na ubishi: fundi mmoja alisema betri imekufa, mwingine akasema altaneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, ndiyo mbovu, wa tatu akapima volti 14.1 injini ikiwaka akasema altaneta nzima kabisa.

Raha ya mita hii ni kwamba hufungui kitu. Mita ya kawaida inataka uchomoe terminali ya hasi na upitishe umeme wote ndani yake; mtu akijisahau akapiga starta, fyuzi ya mita imeungua. Hii unabana tu waya mnene wa hasi na kusoma. Nilizima kila kitu, nikafunga milango, nikasubiri kama nusu saa, maana vifaa vingine huchelewa kulala. Gari likilala linatakiwa kula chini ya miliampia 50. Langu lilikula 420! Kwa betri ya ampia-saa 60, siku tatu tu nusu ya chaji imekwenda.

Nikachomoa fyuzi moja moja huku jicho liko kwenye kioo cha mita. Namba haikutikisika. Nikahamia kwenye waya mnene unaotoka altaneta, na pale, injini imezimwa, nikakuta karibu miliampia 400. Basi. Dayodi, kifaa ndani ya altaneta kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, ilikuwa inavujisha, umeme wa betri unarudi ndani ya altaneta usiku kucha, ingawa mchana inachaji vizuri tu. Ndiyo maana volti 14.1 hazikusema lolote. Kilichobadilishwa ni sahani ya dayodi, si altaneta nzima, na sasa gari linalala kwenye miliampia 30.

Kazi ya pili naipenda zaidi: kujua kama altaneta inamudu mzigo. Rudisha mita kwenye waya wa betri, washa injini, kisha taa kubwa, feni na hita ya kioo cha nyuma. Bila kukanyaga mafuta, yangu ilionyesha betri inatoa ampia 8; nikipandisha mizunguko hadi 2000, ikageuka ikawa inapokea. Altaneta hizi za zamani, za ampia 60 hivi, hazitoi nguvu yake yote injini ikizunguka polepole. Kwa hiyo anayetaka kuongeza taa mbili za wati 55, yaani ampia 9 nyingine, na kazi yake ni foleni, apime kwanza namna hii.

Mita hii ina kasoro, nayo inaudhi. Sifuri yake inahama. Ukiisogeza au ukiigeuza namba zinabadilika, kwa hiyo ibonyeze irudi sifuri kabla ya kila kipimo, ikiwa palepale utakapobana. Na mnunuzi awe macho: nyingi zinazofanana nayo kabisa husoma ampia za AC, yaani umeme wa nyumbani, peke yake, na kwenye gari hazifai kwa kazi hii. Tafuta alama ya A yenye mstari mnyoofu na vidoti chini yake, pamoja na kipimo kidogo cha ampia 2 kama yangu, kinachosoma hadi miliampia 1. Zile zinazoanzia ampia 40 hutaona uvujaji mdogo.