Mlango upo, mrejesho haupo: maoni ya mshiriki kuhusu Tathmini ya Hiari ya Kitaifa

Mara mbili sasa nimeshiriki, kwa niaba ya chama kidogo cha watu wenye ulemavu ambacho mimi ni katibu wake, katika mashauriano ya Tathmini ya Hiari ya Kitaifa, yaani ile taarifa ambayo serikali huiandaa na kuiwasilisha Umoja wa Mataifa kueleza imefika wapi katika kutekeleza Malengo ya Maendeleo Endelevu. Nimeamua kuitolea maoni kama mtu anavyotoa maoni kuhusu huduma yoyote aliyoitumia, kwa sababu hii nayo ni huduma: umma unaahidiwa kusikilizwa, unatoa muda na maarifa yake, na una haki ya kusema kama ahadi hiyo ilitimizwa. Kwa ufupi, mlango wa kuingilia ni mpana kuliko wengi wanavyojua, lakini aliyeingia akatoka haambiwi maneno yake yalifanyiwa nini.

Ahadi yenyewe ni nzito. Ajenda 2030, yaani hati ya Umoja wa Mataifa iliyoyaweka Malengo hayo, iliyopitishwa na nchi wanachama 193 mwezi Septemba 2015 ikiwa na malengo 17 yaliyogawanywa katika shabaha 169, inasema katika aya ya 74 kwamba ufuatiliaji na tathmini utafanyika bila kificho, kwa kujumuisha na kushirikisha watu wote, na kwamba utawaangalia hasa maskini zaidi, walio hatarini zaidi na wale walioachwa nyuma kabisa. Miaka miwili kabla ya hapo, azimio namba 67/290 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeweka utaratibu wa Jukwaa la Kisiasa la Ngazi ya Juu, ambalo ndilo hupokea taarifa hizi kila mwezi Julai, na likayapa makundi ya kijamii haki ambazo ni nadra kuzikuta kwingine: kuhudhuria mikutano yote rasmi, kupata nyaraka zote rasmi, kuzungumza, kuwasilisha michango ya maandishi na ya mdomo, kutoa mapendekezo na kuandaa mikutano ya kando. Makundi hayo, yanayoitwa makundi makuu, ni tisa, yale yale yaliyotambuliwa kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa mazingira na maendeleo uliofanyika Rio de Janeiro mwaka 1992, wakiwamo wanawake, vijana, wakulima, wafanyakazi na watu wa asili. Sisi wenye ulemavu hatumo katika tisa hayo, ila azimio hilo la 2013 linatutaja kwa jina miongoni mwa wadau wengine wanaokaribishwa. Nilipoisoma aya hiyo kwa mara ya kwanza nilifarijika sana, na ninamshauri kila anayejiandaa kwa mashauriano aisome kabla ya kwenda, maana si rahisi kumdharau mtu anayejua kifungu kinachomruhusu kukaa pale.

Mara ya kwanza tuliposhiriki, mambo yalikwenda vibaya. Mwaliko kutoka ofisi iliyosimamia zoezi hilo ulitufikia siku nne kabla ya mkutano, na rasimu ya taarifa, yenye kurasa zaidi ya themanini, ilitumwa jioni ya siku ya mwisho katika muundo ambao programu ya kumsomea asiyeona haikuweza kuufungua. Ukumbi ulikuwa ghorofani na lifti haikufanya kazi, kwa hiyo wenzetu wawili wanaotumia viti vya magurudumu walibebwa kupanda ngazi mbele ya wajumbe wengine, jambo ambalo mmoja wao aliniambia baadaye lilimwondolea hamu yote ya kuzungumza. Hakukuwa na mkalimani wa lugha ya alama. Tuligawanywa katika vikundi, kila kikundi kikapewa malengo matatu ya kujadili kwa dakika arobaini, kisha picha zikapigwa na mkutano ukafungwa. Lazima niseme kwamba walioendesha mkutano walikuwa watu wa heshima na wenye nia njema. Tatizo lilikuwa kwamba mkutano uliitishwa baada ya taarifa kuandikwa, na rasimu iliyokwisha kuandikwa hubadilishwa kwa shida.

Mara ya pili kulikuwa na maendeleo ya kweli, na ni haki yao niyataje. Rasimu ilitufikia wiki tatu mapema, ikiwa na muhtasari wa kurasa kumi kwa lugha nyepesi. Mkutano ulifanyika katika jengo la chini. Wakalimani wawili wa lugha ya alama walipokezana siku nzima. Na mashauriano yalianza na swali la msingi, yaani ni nani ambaye takwimu zetu hazimwoni. Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Shabaha ya 17.18 inazitaka nchi ziwe na takwimu zilizochanganuliwa kwa kipato, jinsia, umri, ulemavu, mahali mtu anapoishi na mengineyo, na pale ambapo takwimu hizo hazipo, wastani wa nchi nzima unaweza kupanda huku kundi zima likibaki pale pale lilipokuwa. Sisi tulipeleka orodha tuliyoiandaa kwa miezi miwili ya vituo vya afya ambavyo mtu mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuingia bila kubebwa. Ilipokelewa kwa shukrani, ikasomwa kwa sauti, na watu wakaandika.

Taarifa ya mwisho ilipotoka, niliisoma yote usiku mmoja. Orodha yetu haikuwamo, wala hoja iliyotokana nayo. Sura ya mchakato ilikuwa na sentensi moja iliyotugusa, ikisema kwamba wadau mbalimbali, wakiwemo watu wenye ulemavu, walishirikishwa kikamilifu. Ninakubali kwamba kila mchango hauwezi kuingia katika kitabu kimoja, na huenda kulikuwa na sababu nzuri ya kuuacha wetu. Ninachokilalamikia ni kwamba hakuna aliyetuandikia kutueleza sababu hiyo. Wanachama waliozunguka juani kukusanya majina ya vituo wananiuliza hadi leo kazi yao iliishia wapi, na mimi sina jibu la kuwapa. Kama kuna jambo moja linalowafanya watu waache kuja kwenye mashauriano, ni hili, kuliko hata ngazi na rasimu za usiku.

Katika ngazi ya kimataifa kasoro hiyo inajirudia kwa sura nyingine. Jukwaa hukaa siku nane, tatu kati yake zikiwa za mawaziri, na kwa kuwa nchi nyingi huwasilisha kila mwaka, kila moja hupata dakika chache tu, na makundi ya kijamii hulazimika kukubaliana juu ya swali moja la pamoja na msemaji mmoja. Mwaka 2016 nchi zilizowasilisha zilikuwa 22. Mwaka uliofuata zilikuwa 43, wala siku za mkutano hazikuongezwa. Kufika New York kunahitaji nauli, viza na usajili kupitia asasi inayotambulika, na nyaraka rasmi hutoka kwa lugha sita ambazo Kiswahili si mojawapo. Mwaka 2020, janga la korona lilipoulazimisha mkutano ufanyike kwa intaneti, kikwazo cha safari kiliondoka kwa ghafla, ingawa kwa asiye na mtandao wa uhakika kilibaki vile vile.

Anayetaka kuona kwamba inawezekana kufanya vizuri zaidi aangalie Mapitio ya Mara kwa Mara ya Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, ambamo hali ya haki za binadamu ya kila nchi hupitiwa na nchi nyingine, yaliyoanza mwaka 2008. Huko taarifa ya serikali haikai peke yake mezani: pembeni yake huwekwa mkusanyo wa taarifa za vyombo vya Umoja wa Mataifa na muhtasari wa yale yaliyoandikwa na asasi na wadau wengine, kisha nchi hupewa mapendekezo na hutakiwa kusema hadharani ni yapi inayakubali. Kwenye Malengo ya Maendeleo Endelevu, taarifa kivuli, yaani zile ambazo asasi huziandika zenyewe kando ya taarifa ya serikali, hazina nafasi rasmi kama hiyo, na hakuna anayelazimika kuzijibu. Hali hii inanisikitisha zaidi ninapokumbuka kwamba ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilionyesha asilimia 17 tu ya shabaha zikienda kwa mwendo unaotakiwa, na zaidi ya theluthi moja zikiwa zimekwama au zimerudi nyuma. Penye mkwamo wa namna hiyo, anayejua hasa ni kitu gani kimekwama ni yule anayekutana nacho kila siku.

Hata hivyo sishauri mtu asusie. Nchi kadhaa zimewapa vijana na wawakilishi wa asasi sehemu ya muda wao wa kuwasilisha, na taarifa zote huchapishwa hadharani, kwa hiyo mtu anaweza kulinganisha ahadi za awamu moja na matokeo ya awamu inayofuata, kazi ambayo chama chetu kimeanza kuifanya. Atakayeshiriki ahakikishe anaomba ratiba mwanzoni kabisa mwa mchakato, kabla rasimu haijaanza kuandikwa. Aseme mapema mahitaji ya wenzake, iwe ni nukta nundu, mkalimani au jengo lisilo na ngazi. Na apeleke mchango wake kwa maandishi, akibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Kwa awamu ijayo tumekwisha kupeleka barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi inayohusika. Tumeomba kitu kimoja tu, jedwali litakalochapishwa pamoja na taarifa, lenye safu tatu: mchango uliopokelewa, kundi lililoutoa, na kilichoamuliwa juu yake pamoja na sababu. Barua ilipokelewa, na tunasubiri jibu.