Nguvu Zinatangazwa, Uzito Hautajwi: Uzoefu Wangu na Gari Dogo Lililosanifiwa Upya

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na msomaji aniwie radhi ikiwa itaonekana katika kila aya. Gari ninalolizungumzia ni gari dogo la milango mitano ambalo kampuni yake ililisanifu upya si muda mrefu uliopita, nami nililinunua kwa sababu toleo lililotangulia nilikuwa nimelimiliki kwa miaka mingi na halikuwahi kuniangusha. Sitarudia ukubwa wa buti, idadi ya spika wala upana wa skrini, kwa kuwa hayo yote yamo katika kila tangazo. Nitazungumzia jambo moja ambalo matangazo hayalisemi, nalo ni kwamba gari hili limeongezewa nguvu za injini, likaongezewa uzito kupita nguvu hizo, na anayebeba hasara ni dereva aliyeko barabarani.

Wiki za mwanzo nililisifu. Milango yake inafunga kwa mlio mzito unaoutuliza moyo, kelele za tairi hazipenyi ndani kama zamani, na kwenye barabara tambarare, nikiwa peke yangu, lilikwenda bila manung'uniko yoyote. Kisha ikaja safari ya kwanza ya familia, watu wanne na mizigo yao, katika barabara ya njia mbili yenye mpando mrefu.

Tulilikuta lori likijikongoja mbele yetu. Nilisubiri mpaka mstari wa katikati ukawa wa vipande, nikaona barabara iko wazi kwa umbali ambao gari langu la zamani lingeumaliza kwa nafasi na kubakiza, nikatoa ishara, nikatoka, nikakanyaga mafuta hadi mwisho. Injini ilinguruma. Mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika uliruka ukapita 5,000 na kubaki huko juu huku injini ikilia, lakini mshale wa mwendo ulisogea polepole mno, kana kwamba mishale hiyo miwili ilikuwa ya magari mawili tofauti. Tukawa sambamba na magurudumu ya nyuma ya lori, kisha usawa wa tangi lake la mafuta, na hapo kwenye kona ya juu likatokeza basi likimulika taa. Nilikanyaga breki nikarudi nyuma ya lori, na ndani ya gari hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Breki, lazima niseme, zilishika vizuri sana.

Siku chache baadaye nililipeleka kwa wakala aliyeniuzia. Kijana wa mapokezi ya gereji alichomeka mashine yake ya uchunguzi chini ya usukani, akasubiri kidogo, akasema hakuna hitilafu iliyosomeka. Hilo nililikubali. Nikamweleza kilichotokea kwenye mpando, naye badala ya kunisikiliza akafungua kijitabu cha matangazo, akaizungushia kalamu tarakimu ya nguvu za farasi na kunisukumia juu ya meza.

"Mama, hili lina farasi 110. Lile lako la zamani lilikuwa na 100. Sasa utasemaje halina nguvu?"

"Na uzito je, kijana wangu?"

"Uzito haukuhusu, mama, wewe kanyaga mafuta tu. Au safari ndefu mwachie mzee aendeshe."

Wenzake wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka. Nilikuwa nikiendesha magari kabla kijana yule hajazaliwa, nimeendesha ya gia za mkono na za otomatiki, nimeendesha usiku na katika mvua, na baba wa watoto wangu mwenyewe hunipa mimi usukani barabara inapokuwa mbaya. Lakini hata kama ningekuwa nimepata leseni wiki ileile, swali langu lilistahili jibu. Alichofanya ni kuandika kwenye karatasi ya kazi maneno "mteja hajazoea gari" na kunionyesha mahali pa kutia saini. Sikutia.

Kwa kuwa yeye hakutaka kuhesabu, nilihesabu mimi, nikiwa na vitabu vya mwongozo vya magari yote mawili. Toleo la zamani lilikuwa na kilo 1,050 likiwa tupu, na hili langu, lenye vikorombwezo vyote vya daraja la juu, lina kilo 1,240. Yaani injini imeongezewa nguvu kwa asilimia 10, na gari limeongezewa uzito kwa asilimia 18. Ukigawa nguvu kwa uzito, la zamani lilikuwa na farasi 95 kwa kila tani moja, na jipya lina farasi 89. Hesabu hiyo anaiweza mtoto wa shule, na ndiyo inayoeleza kwa nini gari lenye namba kubwa zaidi kwenye tangazo huwa zito kuondoka kuliko lililolitangulia.

Tena hesabu hiyo bado inalipendelea gari jipya, kwa sababu inachukulia kwamba farasi wote 110 wapo muda wote. Hawapo. Namba inayotangazwa ni kilele ambacho injini hukifikia ikizunguka kwa kasi kubwa, na kwa injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) kama hii yangu, kilele hicho kiko karibu na mizunguko 6,000 kwa dakika. Katika uendeshaji wa kila siku injini hukaa kati ya 1,500 na 3,000, na huko chini kinachohesabika ni ule uwezo wa kusokota ekseli, ambao katika toleo jipya haukuongezeka hata kidogo cha kuhisika. Giaboksi nayo imepangwa ili kupunguza mizunguko na kuokoa petroli, jambo jema kwenye tambarare, ila unapohitaji nguvu ghafla ni lazima kwanza ingoje, ishuke gia, ipandishe mizunguko, ndipo gari lianze kuvuta. Mlimani, hata ukifika kilele hicho, sehemu kubwa ya nguvu inatumika kuinua uzito tu, na inayobaki kwa ajili ya kuongeza mwendo ni kidogo. Haya yote kijana yule angeweza kunieleza kwa dakika mbili, nami ningemshukuru.

Mwaka 1976 Volkswagen ilipotoa Golf GTI ya kwanza, injini yake ilikuwa na farasi 110, idadi ileile niliyozungushiwa kalamu. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 810 hivi. Lilipata sifa kuwa gari dogo la familia lenye mbio za kushangaza, na leo idadi hiyohiyo ya farasi imefungwa kwenye gari lenye zaidi ya kilo 400 juu yake, kisha naambiwa nguvu hazijapungua.

Nisiwe mtu wa kulaumu bila haki. Golf ile ya kwanza ilikuwa na bati jembamba, haikuwa na mifuko ya hewa, na ningekataa kumpandisha mjukuu wangu ndani yake kwa safari ya mwendo wa kasi. Tangu shirika la Euro NCAP lilipoanza kuyagongesha magari na kuchapisha matokeo yake mwaka 1997, watengenezaji wamelazimika kuimarisha nguzo za bodi, kuweka mihimili ndani ya milango na kuongeza mifuko ya hewa ubavuni, na mwaka 2014 Umoja wa Ulaya ukafanya mfumo wa kulizuia gari lisiteleze kuwa wa lazima kwa magari yote mapya. Uzito wa namna hiyo naubeba kwa moyo mweupe. Siku moja ya mvua mbele yangu palikuwa na mafuta yaliyomwagika, gari likaanza kuyumba, na kabla sijasema lolote mfumo ule ulikuwa umeshika gurudumu moja moja na kulirudisha kwenye mstari. Siku ile nililipenda gari hili kwa dhati, na kama ningeandika jioni yake, ningewaambia mlinunue bila kusita.

Ila si kilo zote 190 zilizokwenda kwenye usalama. Rimu zimetoka inchi 14 hadi 17, na uzito ulioko kwenye gurudumu ni mbaya kuliko uzito mwingine wowote, maana injini ni lazima iusogeze mbele na pia iuzungushe, na shokomzoba ziudhibiti kila unapopita shimo. Paa lina kioo kikubwa, na kioo ni kizito kuliko bati lililokuwa pale, tena kiko juu kabisa, mahali ambapo uzito hulifanya gari lilale zaidi kwenye kona. Viti vya mbele vina mota za umeme kwa kazi niliyokuwa naifanya kwa mkono mara moja kwa mwaka. Kisha uzito huzaa uzito: bodi ikiwa nzito inahitaji breki kubwa, springi ngumu na fremu imara zaidi ya kuishikilia injini, na kila kimojawapo kinaongeza kilo zake. Mjini, ambako unaondoka na kusimama kila baada ya hatua chache, nguvu zote zilizotumika kuusukuma mzigo huo huishia kuwa joto kwenye breki. Ndiyo maana petroli yangu ya mjini haikupungua kama nilivyoahidiwa, ingawa kwenye barabara kuu imepungua kweli, na hilo sitalinyima sifa.

Wala nisiambiwe kwamba haiwezekani kufanya vingine. Volkswagen yenyewe, ilipotoa kizazi cha saba cha Golf mwaka 2012, ilikipunguza uzito kwa hadi kilo 100 kulinganisha na kilichotangulia, na usalama haukurudi nyuma. Suzuki ilipoisanifu upya Swift iliyoingia katika masoko mengi mwaka 2017, iliipunguza kwa hadi kilo 120, kwa chasi mpya na chuma chepesi chenye nguvu zaidi. Magari hayo nayo yana mifuko ya hewa, viyoyozi na skrini. Waliamua kupima kila kifaa kwenye mzani kabla ya kukifunga, na hawa wangu hawakuamua hivyo.

Nilikuwa nimekusudia kuandika kwamba mtu asilinunue gari hili, lakini nikiwa mkweli sina haki ya kusema hivyo kwa kila mtu. Anayeendesha peke yake au wawili, katika barabara zisizo na milima, atapata gari tulivu, salama na linalotunzika, na huenda asiuone kamwe upungufu ninaoulalamikia. Daraja la chini la gari hilihili, lenye rimu za inchi 15 na paa la bati, lina injini ileile na ni jepesi kwa kilo zipatazo 60, na nilipoazimwa la jirani yangu nikapanda nalo mpando uleule, liliitika vizuri kuliko langu. Hilo naweza kulipendekeza. La daraja la juu silipendekezi kwa yeyote anayesafiri na familia, na nikikumbuka lile basi, naona hata neno "silipendekezi" ni la upole mno. Mwenye kwenda kulijaribu ajaze watu wanne ndani, achague mpando, na amwombe muuzaji amwonyeshe uzito wa gari tupu kwa daraja lile analolinunua, si la gari jepesi kuliko yote lililoandikwa mwanzoni mwa jedwali.

Kampuni nimeiandikia barua. Nimeomba mambo mawili: kwamba uzito uchapishwe kando ya nguvu za farasi, kwa herufi za ukubwa uleule, katika kila kijitabu chake, na kwamba maneno "mteja hajazoea gari" yafutwe kwenye kumbukumbu za gari langu. Wamejibu kwamba wamelipokea ombi langu. Maneno yale nimeyakuta yangali pale nilipopeleka gari kubadilishiwa oili.