Kupiga goti au kukaa: ufanyie lipi mazoezi ya upinde wa kitako?

Kwa wanaotumia upinde wa kitako (crossbow, yaani upinde uliofungwa kwenye kitako kama cha bunduki) kuwinda kulungu wa mkia mweupe kutoka ardhini huko Ohio au Michigan, Marekani, swali hili hurudi kila msimu wa vuli.

Kwa uthabiti, kukaa kunashinda. Viwiko vyote viwili hupata magoti ya kuegemea, na upinde wa kitako, ambao mara nyingi uzito wake umelalia mbele, hautikisiki sana. Ukipiga goti, mkono mmoja tu ndio wenye egemeo. Weka nyama ya juu ya kiwiko kwenye goti, usikutanishe mfupa na mfupa, maana huteleza. Fimbo ya kuegemeza hupunguza pengo hilo, ila ni gharama na mzigo.

Kwa wepesi, goti liko mbele. Unashuka upesi, unaona juu ya nyasi, na kugeuka ni rahisi. Aliyekaa, kama anatumia mkono wa kulia, hugeukia kushoto bila shida. Kulungu akitokea kulia, atalazimika kusogeza mwili mzima, naye kulungu huona mwendo upesi mno.

Katika mikao yote, hakikisha ncha za upinde hazigusi paja wala kichaka, na kidole gumba kikae chini ya njia ya ugwe. Usifyatue kamwe bila mshale. Upinde unaweza kuvunjika.

Unayevizia sehemu moja kwa saa nyingi, anza na kukaa. Unayetembea polepole msituni, goti lako lizoeze kwanza, mita 20 kisha 30.